Kuutafuta Mkutano Unaofaa: Lugha, Siri na Jitihada za Kuacha Pombe nchini Kenya

Utangulizi

Si nadra kusikia ikisemwa kwamba fulani alikwenda kwenye mikutano ya watu wanaoacha pombe na haikumfaa kitu. Aghalabu ukichunguza utabaini kuwa huyo fulani alihudhuria mkutano mmoja tu. Aliketi nyuma karibu na mlango, akasikiliza lugha asiyoizoea ikisemwa na watu asiowajua, akaondoka kabla ya chai, asirejee tena. Hukumu iliyotolewa ilihusu mikutano yote ilhali ushahidi ulikuwa wa jioni moja. Makala haya yanadhamiria kueleza mikutano hiyo ni ya namna gani na jinsi mtu anavyoweza kuupata ule unaomfaa. Yanashikilia kwamba kigezo kinachosahauliwa zaidi, nacho ndicho chenye uzito, ni lugha: je, chumba hicho ni mahali ambapo mtu huyu anaweza kuusema ukweli wake kwa maneno yake mwenyewe?

Suala lenyewe si dogo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 uliofanywa na NACADA, mamlaka ya serikali inayoshughulikia vita dhidi ya pombe na dawa za kulevya, ulikadiria kuwa Wakenya takriban milioni 3.2 wenye umri wa miaka 15 hadi 65 walikuwa wakinywa pombe, na kwamba mtu 1 kati ya kila 20 wa umri huo alikuwa amefikia kiwango cha uraibu. Kwa upande wa maafa, mifano ni mingi. Mnamo Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walifariki katika mtaa wa Mukuru kwa Njenga, Nairobi, baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli, na wengine wakapofuka. Februari 2024 watu zaidi ya kumi walifariki katika kaunti ya Kirinyaga kwa kisa kama hicho. Kila baada ya maafa ya aina hii misako hufanywa, mapipa hupinduliwa, wagema na wauzaji hukamatwa, na magazeti hupiga picha. Ni nadra mtu kuuliza yule mnywaji aliyenusurika ataelekea wapi jioni ya Jumatatu, kiu itakapomrudia.

Simu ya Akron

Mikutano inayojulikana zaidi ulimwenguni ni ile ya Alcoholics Anonymous, jina linalomaanisha walevi wasiotajwa kwa majina yao kamili, na ambayo kwa kawaida hufupishwa kuwa AA. (Nchini Kenya ufupisho huu una kichekesho chake: ukimwambia mtu jijini Nairobi kwamba unakwenda AA, huenda akadhani unajifunza udereva.) Chimbuko la chama hiki linafaa kukumbukwa kwa sababu lilikuwa lenyewe ni tendo la kutafuta. Mnamo Mei 1935, Bill Wilson, dalali wa hisa kutoka New York aliyekuwa ameacha pombe kwa miezi michache tu, alikuwa katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, kwa shughuli ya biashara iliyokwenda mrama. Akiwa katika ukumbi wa hoteli, huku akisikia vicheko vya baa, alitambua kwamba ama angeingia humo ama angempata mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Alichagua simu. Aliwapigia viongozi wa makanisa ya mji huo hadi akaelekezwa kwa mwanamke mmoja, ambaye naye alimkutanisha na daktari wa upasuaji aliyeitwa Bob Smith.

Daktari huyo alikuwa amekwisha kuhubiriwa na kushauriwa na watu wengi. Alikubali kumpa mgeni wake dakika kumi na tano. Wakakaa kwa saa kadhaa. Kilichomshika hakikuwa hoja mpya. Ni kwamba, kwa mara ya kwanza, aliyekuwa akisema alikuwa amepitia mambo yale yale na aliyasema jinsi mlevi anavyoyajua, wala si jinsi daktari au kasisi anavyoyaeleza. Tarehe 10 Juni 1935, ambayo huchukuliwa kuwa siku ambayo Smith alikunywa kwa mara ya mwisho, ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa chama. Kitabu chao kilichapishwa mwaka 1939, na hadi sasa kimetafsiriwa katika lugha zaidi ya 70. Jambo la kushika hapa ni kuwa tangu mwanzo tiba hii ilikuwa tiba ya mazungumzo kati ya watu wanaoelewana lugha. Anayeichukua mikutano na kuiacha lugha kando ameubeba mtungi na kuyamwaga maji.

Chama kisicho na mwenyekiti

Mkenya anayajua makundi. Anajua chama cha akina mama cha kuchangishana fedha, kamati ya mazishi, kikundi cha vijana kilichosajiliwa. Yote haya yana mwenyekiti, mweka hazina, daftari la majina na faini ya kuchelewa. Kwa hiyo anapoingia katika mkutano wa AA hupatwa na shaka: hakuna daftari, hakuna ada, hakuna anayemwuliza kitambulisho. Kikapu hupitishwa ili walio na chochote wachangie kodi ya ukumbi na majani chai, na mgeni huambiwa asitoe kitu. Anayeongoza jioni hii si yule atakayeongoza wiki ijayo. Sharti la uanachama ni moja tu, nalo ni nia ya kuacha kunywa. Hata aliyekuja akiwa amelewa haulizwi amekosa nini, ingawa huombwa asikilize tu siku hiyo.

Mikutano yenyewe hugawika katika aina mbalimbali, na kutozijua aina hizi ndiko kunakowapoteza wageni wengi. Upo mkutano wa wazi, ambao mtu yeyote anaweza kuuhudhuria, awe mke, mwanafunzi anayefanya utafiti au jirani mwenye udadisi. Upo pia mkutano wa faragha, ambao ni wa wenye tatizo la pombe peke yao. Katika baadhi ya mikutano msemaji mmoja husimulia maisha yake mwanzo hadi mwisho. Katika mingine kila mmoja huchangia kwa dakika chache. Katika mingine sura ya kitabu husomwa na kujadiliwa. Mtu mwenye haya, ambaye hawezi kusema mbele ya watu, huanza vyema na mkutano wa msemaji mmoja, maana hapo hatarajiwi kufungua kinywa. Yule ambaye kimya ndicho kinachomuua atahitaji mduara mdogo wa majadiliano.

Jamaa wa mlevi nao wana mikutano yao. Al-Anon ilianzishwa mwaka 1951, na mmoja wa waasisi wake alikuwa Lois, mkewe Bill Wilson. Hili ni muhimu kwa jamii zetu, ambamo mara nyingi anayeanza kuulizia mkutano ni mama au dada, na mlevi mwenyewe hajatia nia. Mama huyo akimkokota mwanawe hadi mlangoni, atakuwa amempeleka mwili. Yeye mwenyewe akihudhuria mkutano wa jamaa, au ule wa wazi, atajifunza angalau kutolipa madeni ya kilabuni na kutodanganya kwa mwajiri kwamba mwanawe anaugua malaria.

Lugha ya chumbani

Chukua mfano wa mwalimu wa shule ya msingi kutoka mashambani aliyehamishiwa mjini. Kiingereza anakijua, anakifundisha. Lakini alilewa kwa Kiswahili na kwa lugha ya mama. Aliomba mkopo wa chang'aa kwa Kiswahili, alimwapia mkewe kwa lugha ya mama, na asubuhi alipokuwa akitetemeka na kuhitaji glasi ya kutoa loki hakuiita kwa neno lolote la Kiingereza. Mtu huyu akiketishwa katika mkutano unaoendeshwa kwa Kiingereza, atasema sentensi sahihi kisarufi zisizogusa popote. Atasimulia matatizo yake kama anayejibu swali la mtihani. Wasikilizaji watamshukuru, naye atakwenda zake akiwa hajasema lolote. Mtu anayejua lugha kadhaa ana mahali pengi pa kujificha, na Kiingereza kwa wasomi wengi wa Kenya ni mojawapo ya maficho hayo.

Hata hivyo, kuhamia Kiswahili hakuondoi ugumu wote. Desturi ya mikutano hii ni mtu kujitambulisha kwa jina moja na kukiri hali yake. Kwa Kiswahili akiri vipi? Neno lililo karibu ni "mlevi". Kimofolojia, neno hili limetokana na kitenzi "lewa" likapewa kiambishi tamati -i cha mtendaji wa mazoea, kama mwizi kutokana na "iba". Katika matumizi ya kila siku ni tusi. Mlevi ni yule anayeyumba barabarani na kufukuzwa na watoto. Fasihi yetu nayo imelikuza tusi hili: Zakaria katika Rosa Mistika ya Kezilahabi (1971), na Majisifu katika Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora, ni baba ambao msomaji huwatazama hasa kupitia madhara wanayowaletea wake na watoto wao. Ni mara chache mlevi hupewa nafsi ya kwanza akajieleza. Basi mtu anaposimama na kusema "mimi ni mlevi", anajipachika vazi ambalo jamii nzima imelifuma, na baadhi huliogopa wakakimbia.

Wengine hupendelea "mraibu". Neno hili lina staha zaidi na limeenea katika maandishi ya afya. Uraibu katika matumizi ya zamani ya pwani ulihusishwa na tambuu na viungo vyake, yaani starehe ya kutafuna. Leo umepanuka ukawa utumwa wa kitu chochote. Lakini staha hiyo hiyo ni udhaifu wake. Mtu anaweza kujiita mraibu kwa mwaka mzima bila kuona haya hata siku moja, kana kwamba anataja kabila la mbali. Wapo pia wanaosema "mwathiriwa wa pombe", umbo la kutendwa, ambapo pombe ndiyo iliyotenda na mtu akatendwa. Umbo hili linaweza kumfariji mgonjwa katika wiki ya kwanza. Katika mwezi wa sita linaweza kumpa kisingizio. Hakuna neno moja linalowafaa wote. Linaloweza kusemwa ni kwamba katika mkutano mzuri mgeni hupewa muda wa kulitafuta neno lake, wala hasukumizwi kulitamka la wengine.

Tukiachana na nomino, njeo zina mambo zaidi. Wakenya wengi hufikiria mkutano huu kuwa ni jamaa ya ushuhuda wa kanisani, na kufanana kupo: mtu husimama, husimulia alikotoka, watu huitikia. Tofauti imo katika vitenzi. Ushuhuda huegemea -me-: nimeokoka, nimewekwa huru, nimeacha. Tendo limetimia na hadithi imefika mwisho wake. Simulizi ya mkutanoni haina mwisho wa namna hiyo, kwa kuwa msimulizi bado yumo ndani ya hadithi. Kiswahili kina chombo cha ajabu cha kuieleza hali hii, nacho ni kiambishi cha ukanushi -ja-. Anayesema "sinywi" ametangaza tabia. Anayesema "niliacha" amelifungia jambo katika wakati uliopita, na mtu akianguka baada ya tamko hilo huona haya kurudi. Lakini anayesema "leo sijanywa" amesema kweli tupu: hadi saa hii tendo halijatokea, na linaweza kutokea. Falsafa nzima ya mikutano hii, ya kuishughulikia siku ya leo bila kuiahidi kesho, imo katika silabi hiyo moja. Mkutano unaomruhusu mtu kusema "sijanywa" na kumpongeza kwa hilo tu ni salama zaidi kuliko ule unaomdai aseme "nimeacha" mbele ya umati.

Majina, heshima na siri

Desturi ya jina moja ilizaliwa Marekani, ambako mzee wa miaka sabini anaweza kuitwa Bob na kijana wa ishirini bila yeyote kushtuka. Kwetu haiendi hivyo. Kijana hawezi kumwita mtu wa rika la babake kwa jina tupu; atasema mzee fulani, au mwalimu, au baba fulani. Na hapo siri inavuja. Ukimwita mtu "Baba Wanjiru" umekwisha kumtaja bintiye. Ukimwita "Daktari" au "Mheshimiwa" umeitaja kazi yake. Suluhisho jepesi ni kumwita kila mwanamume mzee na jina lake la kwanza, na kila mwanamke mama na jina lake la kwanza, ili heshima ibaki na ukoo usitajwe. Mgeni anayechunguza mkutano asikilize watu wanavyoitana. Pale ambapo cheo cha mtu kinatajwa kila anaposimama, siri haijapata makao.

Siri ina upande mwingine pia. Katika mji mdogo, kila anayeona pikipiki imeegeshwa nje ya ukumbi fulani jioni fulani anajua ni ya nani na amefuata nini. Kwa mwuguzi, mwalimu au askari, kuonekana hapo kunaweza kumgharimu kazi au nafasi ya kupandishwa cheo, hata kama kila mtu amekuwa akimwona baa kwa miaka kumi bila kusema neno. Kinaya hiki hakina budi kukubaliwa jinsi kilivyo. Ndiyo maana mkutano ulio karibu zaidi si lazima uwe ndio unaofaa. Wengine hupanda matatu hadi mji wa pili ili waweze kusema bila kuangalia mlango. Nauli hiyo ni gharama ya kweli na lazima ipangiwe bajeti, lakini ikilinganishwa na gharama ya wikendi moja ya kunywa, mara nyingi hesabu hujijibu. Tangu mwaka 2020, wakati wa janga la Uviko, mikutano mingi duniani ilihamia mtandaoni na baadhi imebaki huko. Imewafaa walio mbali. Haiwafai wote: mwanafunzi anayeishi chumba kimoja cha bweni na wenzake watatu hawezi kuweka simu sikioni na kusimulia alivyouza blanketi. Na kundi la WhatsApp linaloonyesha nambari za simu za wanachama wote haliwezi kuitwa la siri.

Ukumbi wa kanisa na mtu wa msikiti

Mikutano mingi hufanyika katika kumbi za makanisa, kwa sababu ya unafuu wa kodi. Hatua kumi na mbili zinazofuatwa humtaja Mungu, lakini kwa namna inayomwachia kila mmoja kumwelewa kadiri ya imani yake. Kwa Mkristo wa Kisii au Murang'a hili halileti taabu. Kwa Mwislamu wa Mombasa linaleta taabu maradufu. Kwanza, kitu chenyewe ni haramu, hivyo kukiri kwamba alikuwa mteja wa mangweni ni kukiri dhambi kabla ya kukiri ugonjwa. Pili, mkutano ukifungwa kwa sala ya Kikristo, atajihisi mgeni aliyeketi karamuni asipoalikwa.

Hata hivyo, jambo hili lina utatuzi, na Zanzibar imeuonyesha. Huko, tangu mwaka 2009, zimefunguliwa nyumba za upataji nafuu, ambazo watu wengi huziita soba hausi. Waliolengwa hasa ni watumiaji wa heroini, na njia iliyotumiwa ni ile ile ya hatua kumi na mbili kupitia Narcotics Anonymous, chama ndugu cha AA kilichoanzishwa California mwaka 1953. Katika jamii ambayo karibu wote ni Waislamu, mikutano ilifanyika kwa Kiswahili na swala zikaendelea kwa saa zake. Ujuzi huo haujatumiwa ipasavyo na wanywaji wa upande huu wa pwani. Kwa wasiotaka kabisa lugha ya imani, zipo njia nyingine, kama vile SMART Recovery, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1994, ambayo hutumia mazoezi ya kuchunguza mawazo na mienendo na haimtaji Mungu. Mikutano yake mingi kwa msomaji wa Kenya hupatikana mtandaoni na kwa Kiingereza, na hoja ya lugha inarudi pale pale.

Wanawake na mfano wa Eldoret

Mwanamke mlevi hutukanwa mara mbili, kama mlevi na kama mwanamke. Isitoshe, kwa baadhi yao pombe ni karo: wanapika busaa au chang'aa na kuionja kabla ya kuiuza. Mwanamke kama huyo akiambiwa ajiepushe na mahali penye pombe anaambiwa ahame nyumbani kwake. Masimulizi yake hayatatoka mbele ya wanaume ambao huenda walikuwa wateja wake. Anahitaji kikao cha wanawake, na palipo na mchanganyiko anahitaji angalau mwanamke mwenzake aliyetangulia wa kumwongoza. Kanuni ya mikutano ni kwamba mwongozi, yule anayechukua nafasi ya kumshika mkono mgeni, awe wa jinsia yake. Wakongwe wenyewe hutania kuwa ipo "hatua ya kumi na tatu", yaani mwenyeji anapomtongoza mgeni aliyekuja akiwa dhaifu. Ni utani wenye uchungu ndani yake, na mgeni anayeliona jambo hilo likifumbiwa macho na aondoke.

Mfano bora zaidi wa kundi lililoshonwa kwa kipimo cha watu wake unatoka Eldoret. Huko watafiti walishirikiana na mpango wa AMPATH kuunda tiba ya vikundi kwa wanywaji waliokuwa wakipokea matibabu ya Virusi vya Ukimwi. Vikao vilikuwa sita, kimoja kila wiki, vya dakika 90. Viliendeshwa kwa Kiswahili, wanaume peke yao na wanawake peke yao, na walioviongoza walikuwa washauri wa kawaida waliofunzwa kazi hiyo, wala si wataalamu wa saikolojia. Katika jaribio la kwanza lililohusisha watu 75, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2011, asilimia 69 ya waliohudhuria vikao walikuwa hawanywi siku 90 baada ya tiba, dhidi ya asilimia 38 ya waliopata huduma ya kawaida. Jaribio kubwa zaidi la watu 614, lililochapishwa mwaka 2021, liliunga mkono kwamba vikao hivyo vilipunguza unywaji kuliko mafunzo ya jumla ya afya. Vikao hivi si AA. Vina mtaala na mwisho. Ila vinathibitisha kwamba Kiswahili kinaweza kuubeba mzigo huu wote, kutoka mpango wa tiba hadi machozi.

Kuhusu AA yenyewe, uchambuzi wa shirika la Cochrane wa mwaka 2020, uliojumuisha tafiti 27 na washiriki 10,565, ulionyesha kuwa mipango inayomwelekeza mtu kwenye mikutano hiyo huwasaidia wengi kuacha kabisa, na katika kigezo hicho inazishinda tiba nyingine zilizolinganishwa nayo. Tafiti hizo hazikufanywa Kenya. Ni busara kuzipokea kwa kiasi.

Kabla ya mkutano

Kuna onyo ambalo halipaswi kuachwa. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu hawezi kuamka asubuhi akaacha ghafla na kwenda mkutanoni jioni. Kutetemeka na kutokwa na jasho huanza ndani ya saa chache. Kifafa kinaweza kutokea katika siku mbili za kwanza, na hali ya kuweweseka na kuona mauzauza hufuata kati ya siku ya pili na ya tatu au baadaye. Hali hii huua. Aliye na historia hiyo aanzie hospitalini, ambako dawa za kumtuliza hutolewa chini ya uangalizi. Hospitali ya Mathari jijini Nairobi na kituo cha Miritini huko Mombasa ni baadhi ya mahali pa umma panaposhughulikia uraibu, na nambari 1192 ya NACADA hupigwa bila malipo ili kupata maelekezo. Aidha, ipo tabia ya jamaa kumtilia mlevi dawa ya disulfiramu katika chakula bila yeye kujua, ili akinywa augue na achukie pombe. Mchanganyiko huo unaweza kuusimamisha moyo. Dawa hiyo hutumiwa kwa ridhaa ya mgonjwa na ushauri wa daktari, basi.

Kuonja na kuchagua

Wazoefu hushauri mtu ahudhurie mikutano sita hivi, tena ya aina tofauti, kabla ya kuamua. Wapo wanaopendekeza mikutano 90 kwa siku 90. Ushauri huo wa pili ulitolewa na watu wa miji yenye mikutano kila kona. Kwa mtu wa Kitui ambaye mkutano ni mmoja kwa wiki, ni mzaha. Afadhali awe na mmoja wa ana kwa ana na nambari za simu za watu wawili wa kuwapigia katika jioni nyingine, hasa Ijumaa na mwisho wa mwezi. Anapohudhuria, ajiulize machache. Je, waliokwishaacha miaka mingi na walioacha juzi wote wamo? Chumba cha wageni watupu hakina wa kuongoza, na chumba cha wakongwe watupu kimekuwa klabu. Je, aliyeanguka akarudi alipokewaje? Je, kuna anayedai fedha, anayeuza dawa, anayemkataza mgonjwa kumeza alichoandikiwa na daktari? Na je, yeye mwenyewe, wakati mwingine akisikiliza, alicheka? Watu hucheka sana katika mikutano hii, vicheko vya kujitambua, na kicheko hakitafsiriki. Aliyecheka pamoja na wengine amekwisha kuielewa lugha ya chumba.

Ikiwa baada ya kuzunguka kote hakuna mkutano katika lugha yake, ipo kanuni nyingine ya AA ambayo haijulikani sana nchini: watu wawili au watatu wenye tatizo hili wakikutana kwa nia ya kuacha, wanaweza kujiita kikundi. Hawahitaji cheti wala mgeni rasmi. Wanahitaji chumba, saa isiyobadilika na birika la chai. Yule mwalimu aliyehamishiwa mjini, akimpata mtu mmoja kituo cha matatu anayetetemeka kama yeye alivyokuwa akitetemeka, anaweza kufungua mkutano kwa Kiswahili Jumatatu ijayo, saa kumi na mbili unusu jioni, baada ya darasa kufagiliwa.